Jana Ulicheka?

Ndugu msomaji, tuanze na hesabu, ingawa mimi hesabu ilinitoa jasho mpaka kidato cha nne. Mwaka 2012 Umoja wa Mataifa uliamua kwamba kila tarehe 20 Machi iwe Siku ya Kimataifa ya Furaha. Mwaka huohuo ikaanza kutolewa taarifa inayozipanga nchi za dunia kwa furaha, kuanzia zile zilizojaa mpaka zile zilizokauka. Katika taarifa ya mwaka 2019 zilipangwa nchi 156. Ufini ilikuwa ya kwanza. Tanzania yetu ilikuwa ya 153. Ungekuwa mtihani wa darasa la saba, mzazi angeitwa shuleni.

Habari hiyo niliisikia redioni nikiwa kwa kinyozi pale Manundu, Korogwe. Mtangazaji alipoitaja ile namba, watu wote waliokuwa kwenye benchi waliangua kicheko. Mzee mmoja mwenye povu la sabuni kidevuni akasema, "Basi tuhame jamani, twende Ufini tukachekee huko." Kinyozi ikabidi aweke mashine chini, maana kichwa alichokuwa akikinyoa kilikuwa kinatikisika ile mbaya. Yaani watu wanaambiwa hawana furaha, nao wanavunjika mbavu kwa kucheka! Nikajiuliza, hapa nani anadanganya, namba au kicheko? Swali hilo sijaliacha mpaka leo, na ndilo ninalotaka tulijadili kidogo.

Nilipokuja kusoma zaidi juu ya taarifa hizo niligundua jambo. Wanaozipanga nchi hawamuulizi mtu kama anacheka. Wanamwambia: fikiria ngazi yenye vidato kuanzia sifuri hadi kumi. Juu kabisa ni maisha bora kuliko yote unayoweza kuyapata, chini kabisa ni maisha mabaya kuliko yote. Wewe sasa hivi umesimama kidato cha ngapi? Ngazi hiyo ilibuniwa na mtaalamu wa Marekani, Hadley Cantril, katika miaka ya 1960. Jibu la ngazi ndilo linalozipanga nchi. Lakini pembeni yake kuna swali jingine dogo, ambalo halitumiki kupanga nchi: jana ulicheka au kutabasamu sana?

Umeona, msomaji? Maswali ni mawili. La kwanza linauliza juu ya maisha, nyumba, kipato, afya, na mtu wa kukushika mkono ukianguka. La pili linauliza juu ya jana tu. Wale wa kwenye benchi wangeulizwa la kwanza wangetaja kidato cha chini, tena bila kusita. Wangeulizwa la pili wangesema ndiyo, tena hata leo nimecheka. Majibu yote mawili yangekuwa ya kweli. Matatizo yanaanza tunapoyatia katika gunia moja na kuliandika "furaha".

Kiswahili chetu, ukikisikiliza vizuri, hakikuyatia katika gunia moja. Mtu husema "nina furaha", na hilo "nina" maana yake ni kwamba niko pamoja nayo. Ndivyo tunavyosema nina mgeni, nina homa, nina haraka. Vitu hivyo vyote huja na kuondoka. Raha ni neno tulilolichukua kwa Waarabu, na kwao lina maana ya mapumziko, kama ya mtu aliyetua mzigo. Anayetua mzigo huwa amefika au anavuta pumzi tu ili aubebe tena. Heri nayo tunaombeana: heri ya mwaka mpya, kila la heri, kwa heri. Maisha yanayokwenda vizuri kwa muda mrefu tunayaita mema, au tunasema fulani ametulia, mambo yake yamemnyookea. Kwa hiyo mtu wa kwetu akicheka, hajasema kwamba mambo yake yamenyooka. Amesema tu kwamba mgeni amebisha hodi naye amemfungulia.

Babu yangu mzaa mama ndiye aliyenifundisha hili kabla sijajua kusoma taarifa yoyote. Alitoka Kigoma akiwa kijana kuja kukata mkonge katika mashamba ya Korogwe. Mkonge wenyewe uliingizwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ya kwanza duniani kwa zao hilo. Sifa hiyo ililetwa na mikono ya watu kama babu, manamba, waliochukuliwa kutoka mbali kwa mkataba. Kazi yao ilihesabiwa kwa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30. Siku ambayo hukumaliza kazi uliyopewa haikuandikwa. Kadi ikijaa ndipo unalipwa.

Alikuwa akitusimulia siku ya malipo. Jioni hiyo kambi nzima iliwaka ngoma, kila kabila na ya kwao, pombe ikapikwa, watu wakacheza mpaka jogoo anawika. Kesho yake, giza bado halijatoka, kengele ikalia, na watu walewale wakasimama kwenye mstari na mapanga yao, kadi mpya mkononi ikiwa haina hata alama moja. Siku moja nikamuuliza, "Babu, mlikuwa na furaha kweli, au mlikuwa mnajisahaulisha tu?" Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama maji yanalowesha. "Mjukuu wangu," akasema, "usiku ule ilikuwa furaha. Asubuhi ilikuwa mkonge. Vyote kweli."

Sisi tuliosoma kidogo tunapenda kimoja kikifute kingine. Tukisikia ngoma tunasema basi hawakuteseka. Tukisikia kipande tunasema basi ngoma ile ilikuwa ya kujidanganya. Mzee alikataa kuchagua.

Babu alimwoa bibi, Mzigua wa Handeni, na mwisho akahamia kwao bibi, Chanika. Ndiyo maana mimi maisha yangu yamegawanyika katikati ya miji hii miwili. Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65 za lami, unapita Sindeni na Misima. Lakini kwa maji ni nchi mbili tofauti. Korogwe mto Pangani unapita mjini, unauona, unausikia. Handeni ni nchi kavu, na kwa miaka mingi maji ya bomba yamekuwa yakivutwa kutoka mto huohuo, upande wa Korogwe, yakisukumwa na mitambo kuja mpaka huku kwa mradi uliojengwa katika miaka ya 1970. Nilipokuwa mdogo, maji kutoka bombani lilikuwa tukio. Watu walijua fununu zake: fulani kasikia bomba la mtaa wa pili linakohoa hewa. Ukisikia bomba linakohoa, basi unakimbia na ndoo hata kama ni saa nane ya usiku.

Nikwambie kweli, usiku wa namna hiyo ulikuwa na furaha ambayo sijaikuta kwenye harusi. Watu wazima wanapiga vigelegele kwa sababu ya maji! Kina mama wanataniana kwenye foleni, watoto tunamwagiana yale ya kusuuzia ndoo, bibi yangu anagomba kwamba kuna mtu kamrukia nafasi yake, na mtu huyo ni jirani yake wa miaka 30, kisha wote wawili wanacheka mpaka wanashikana mabega. Halafu bomba linakohoa tena, linatoa uzi mwembamba, linakauka. Walio nyuma ya foleni wananyamaza. Unasikia ndoo tupu zikigongana watu wakirudi nyumbani. Furaha ile haikuisha taratibu kama mshumaa. Ilikatika pamoja na maji.

Sasa msomaji atasema, umeona, hiyo siyo furaha, hiyo ni nafuu ya dhiki tu. Wahenga walisema baada ya dhiki faraja. Ni sawa. Lakini jaribu kuniambia ni furaha gani isiyokuwa nafuu ya kitu fulani. Anayefaulu mtihani anafurahi kwa sababu alikuwa na hofu. Anayempokea ndugu yake stendi anafurahi kwa sababu alimkosa. Hata hao wa Ufini, nadhani, jua likitoka baada ya majira yao ya giza hutoka nje wakafurahi kuliko sisi tunaochomwa nalo mwaka mzima. Kitu kisichopungua hakisikiki. Ndiyo maana aliye na bomba ndani ya nyumba halishangilii, na wala hatumlaumu.

Bibi alifariki mwaka juzi, wakati wa masika. Nilikuwa sijawahi kulia kiasi kile tangu nizaliwe. Lakini kwetu msiba hauachiwi waliaji peke yao. Kuna watani. Tukiwa tumekaa kimya kwenye mkeka, akatokea mama mmoja, mtani wa ukoo wetu, amejifunga khanga ya marehemu, ndoo kichwani, mgongo ameupinda kama wake. Akasimama mbele ya umati akaanza kugomba kwa sauti ya bibi kabisa: nani kanirukia foleni hapa, hata huko niendako mtataka kunitangulia? Ndugu yangu, watu walicheka. Mama yangu, ambaye macho yalikuwa yamevimba tangu usiku, alicheka mpaka akajifunika uso. Nami nilicheka. Kisha mama akaendelea kulia, tena kwa nguvu kuliko mwanzo, na hakuna aliyeona ajabu.

Dakika zile sizisahau. Kicheko kile hakikupunguza kifo hata chembe, kaburi lilichimbwa na jeneza likashushwa. Wala hakikuwa utovu wa adabu. Mila zetu zilikiwekea nafasi palepale penye huzuni, na mtu maalumu wa kukileta. Wazee waliotunga utaratibu wa utani walijua kwamba moyo wa binadamu hauwezi kukaa na hali moja tangu asubuhi mpaka jioni, hata siku ya kuzika. Nao walijua kwamba mgeni huyu aitwaye furaha hakai, kwa hiyo hawakuogopa kumkaribisha msibani. Angeondoka tu.

Lakini hapa, msomaji, pana mtego, na nisipousema nitakuwa nimeandika nusu. Nikiwa shule ya msingi alikuja mgeni kutoka ng'ambo kututembelea. Alituona tuko kwenye foleni ya kisima tukicheka na kusukumana. Akapiga picha nyingi, na kabla ya kuondoka akatuambia kupitia mkalimani kwamba sisi tuna furaha kuliko watoto wa kwao wenye kila kitu. Walimu wakapiga makofi. Nasi tukapiga. Kumbe tulikuwa tunashangilia kuambiwa kwamba kisima kinatosha! Maana kama watoto wana furaha kwenye foleni, ya nini kuiondoa foleni?

Hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo hili. Anayetazama kicheko tu atasema maskini hana shida. Anayetazama ngazi tu atasema maskini hana kicheko, ni mtu wa kuhurumiwa kuanzia asubuhi mpaka usiku. Wote wawili wametunyima kitu. Wa kwanza ametunyima haki ya kudai maji. Wa pili ametunyima ule usiku wa vigelegele, ambao ulikuwa wetu na hatukuuazima kwa mtu. Mimi nadai vyote. Nataka maji yatoke kila siku, na nataka mtu asiniambie kwamba bibi yangu hakuwahi kucheka.

Sisi vijana tunaotaka kuandika riwaya jambo hili linatuhusu sana. Hadithi zetu za utotoni ziliishia kwa "wakaishi raha mustarehe". Nimeyafikiria sana maneno hayo. Naona msimuliaji huyaweka pale anapochoka, au pale watoto wanapoanza kusinzia. Kwa hadithi ya kulalia yanafaa. Kwa riwaya ni kufunga mlango wakati watu bado wamo ndani.

Nina mswada ambao nimeuandika kwa mkono kwenye madaftari manne. Unahusu kisa kinachofahamika huku Handeni, cha Wazigua ambao babu zao walichukuliwa utumwani kupelekwa Somalia katika karne ya 19, wakatoroka, wakaishi kando ya mto Juba, na lugha yao hawakuiacha. Vita vilipolipuka Somalia mwaka 1991, baadhi ya wajukuu zao walikimbia wakafika Tanzania, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakapewa ardhi ya kuishi pale Chogo, Handeni. Baadaye wengi wakapata uraia. Hebu fikiria, mtu anarudi katika nchi ya mababu baada ya zaidi ya miaka mia moja na nusu, anamsikia mwenyeji akisema maneno yaleyale aliyokuwa akiyasikia kwa bibi yake!

Mhariri mmoja niliyempelekea madaftari yale aliyasoma, tena kwa moyo mwema, akanishauri niishie pale wanapofika. "Malizia kwa furaha," akaniambia, "msomaji aondoke ameridhika." Nilimshukuru. Lakini nimeongeza sura tatu baada ya kufika, kwa sababu kesho yake mtu huyo aliyerudi aliamka akatafuta kuni, akatafuta maji, akashika jembe kwenye pori ambalo halijawahi kulimwa. Furaha ya kufika ilikuwa kubwa, nami nimeiandika kwa kurasa nyingi. Haikuweza kufyeka pori. Lazima riwaya iseme na hilo, la sivyo nimegeuka yule mgeni mwenye kamera.

Kuandika kwenyewe ni hivyohivyo. Mchana nauza chaja na vifaa vya simu karibu na stendi ya Korogwe. Usiku naandika. Katika usiku kumi, labda usiku mmoja maneno yanakuja yenyewe, naona kama chumba kimepanuka, nacheka peke yangu mpaka mwenzangu wa chumbani anageukia ukutani. Huo usiku mwingine tisa ni mbu na kufuta. Shaaban Robert, mwenyeji wa mkoa wetu huu wa Tanga, aliajiriwa ukarani serikalini miaka mingi na vitabu akaviandika ndani ya maisha hayohayo ya kazi. Ningesubiri usiku ule mmoja ndipo niandike, ningekuwa na daftari moja lisilojaa. Wenzangu mnaoanza, msiisubiri furaha ndipo mshike kalamu. Ikija, mfungulieni. Isipokuja, andikeni.

Na sasa niseme kilichonifanya niandike haya mwezi huu. Binamu yangu aliyeko Dar es Salaam amenipatia kazi ya kupanga mizigo kwenye ghala. Ananipigia simu kila jioni, "Mshikaji, njoo, huku ndiko kwenye raha." Mama yuko Handeni, magoti yanamsumbua, na nyumba ile ya bibi sasa ni yake. Ndoo bado zimepangwa ukutani kama zamani. Akisikia bomba la jirani linakohoa usiku anaamka, na foleni ya usiku si ya mtu mwenye magoti mabovu.

Nimekubali kwenda. Nilimwambia mama, akanyamaza, kisha akauliza, "Unakwenda kutafuta nini huko, mwanangu? Furaha?" Nikamjibu hapana, mama, hiyo haina kituo, ikitaka itanikuta hukohuko ghalani. Nakwenda kutafuta hela ya simtanki la lita 1,000, liwekwe nyuma ya nyumba, maji yakitoka yajae, nawe ulale mpaka asubuhi. Mama alicheka. Akasema, "Basi siku likifika tutapika pilau." Nami najua jinsi itakavyokuwa: tutapika, majirani watakuja kuligongagonga kwa vidole, yatapigwa vigelegele, na baada ya wiki mbili hakuna atakayelitazama tena. Sawa tu. Mama atakuwa amelala.